Daftari la Makosa

Taarifa iliingia saa nane mchana, wakati Mwalimu Lugembe amevua viatu chini ya meza ili miguu ipumue. Ilijiandika kwa rangi ya chungwa kwenye kioo cha ukutani, ndani ya ofisi ya walimu, jina lake likiwa juu na la mwanafunzi likiwa chini. Kalunde Mihayo, miaka arobaini na saba, Darasa la Wapima Maji. Hajakua kwa mihula mitatu mfululizo. Mwalimu wake atatoa kauli keshokutwa Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya Mkaguzi.

Aliisoma mara mbili, kisha akavaa viatu. Alifunga kamba za kimoja, za kile kingine akaziacha zikining'inia.

Mwalimu Sekela, aliyekuwa akila muhogo wa kuchemsha upande wa pili wa meza, alimuuliza safari hii ni nani.

"Mama Shija," Lugembe akajibu.

Sekela akaacha kutafuna. Darasa zima lilimwita mama yule kwa jina la mwanawe, na hapakuwa na mtu aliyekuwa na neno baya juu yake. Alitembea saa moja na nusu kutoka upande wa misitu ya nyuki, na kila mwisho wa mwezi aliwaletea walimu asali kwenye chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa vizuri.

"Na mwako wako kwake ni kiasi gani?"

"Sijapima."

"Mwalimu."

"Thelathini na moja," Lugembe akasema. "Nilipima wiki iliyopita. Thelathini na moja kwake, thelathini na moja kwa darasa zima, thelathini na moja kwa chai ya asubuhi."

Sekela alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Kauli ilihitaji sitini.

Shule ile ilijengwa Urambo baada ya mashamba ya tumbaku kufungwa na visima virefu kuchimbwa kila kata. Kila kisima kilihitaji mtu wa kukipima, kusoma kina cha maji, kuchanganya dawa kwa kiasi chake na kuandika. Watu wazima waliokuwa wamebaki bila kazi wakaitwa warudi darasani. Mlangoni palikuwa na vigingi, na kwenye kila kigingi ulining'inia utepe wenye ushanga mdogo wa kioo. Mwanafunzi akiingia aliuvaa nyuma ya sikio, akitoka aliurudisha. Ushanga ulikuwa mweupe siku zote, isipokuwa pale jambo jipya lilipoingia kichwani na kukaa. Hapo uligeuka buluu kwa muda wa kama pumzi kumi, na mtambo uitwao Mizani uliandika kwamba fulani amechipua. Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili tu yaliyohesabiwa: alama za mtihani na machipuko. Mama Shija alipata nne kwa kumi muhula wa kwanza, nne kwa kumi muhula wa pili, nne kwa kumi muhula wa tatu. Ushanga wake haukuwahi kugeuka rangi hata siku moja.

Aliyekoma kukua alipumzishwa. Ndilo neno lililotumika. Alivuliwa utepe, akapelekwa kwenye Makazi ya Mapumziko kando ya reli, akapewa kitanda, chakula na godoro jipya kila mwaka. Hakupigwa wala hakutukanwa. Hakuulizwa swali lolote tena mpaka alipokufa.

Kinga ilikuwa moja tu, nayo ni kauli ya mwalimu. Miaka ishirini nyuma wataalamu waligundua jambo ambalo walimu wazuri walilijua toka zamani, kwamba mwanafunzi hukua zaidi mbele ya mwalimu anayemwamini. Wakatengeneza kofia ya kupima imani hiyo, na imani yenyewe wakaiita mwako. Mwalimu alikaa kitini, akavaa kofia, akasema habari za mwanafunzi wake, na sindano ikaonyesha kama anayoyasema yanamgusa moyoni au anatimiza wajibu tu. Ikipita sitini, mwanafunzi alipata mwaka mwingine. Walimu walifurahi mwanzoni. Walidhani hatimaye serikali imegundua kwamba wana mioyo.

Kisha mioyo ikaanza kupimwa kila muhula.

*

Kwa mwalimu aliyepungukiwa palikuwa na dawa. Chumba kilichokuwa maktaba kiliwekewa kiti kirefu na kofia ya aina nyingine, na dakika kumi na mbili za umeme mdogo zilitosha kuurudisha mwako mpaka tisini. Karatasi za ofisi ziliita tiba hiyo kuhuishwa. Walimu wenyewe walisema fulani kaenda chaji.

Sekela, mwenye miaka thelathini na minne, alikuwa amekwenda chaji mara tatu. Jumatano asubuhi, kabla ya kengele, Lugembe alimwomba amweleze jinsi ilivyo. Hakumuuliza kwa kejeli. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tano na miezi mitano, miezi saba tu kabla ya kustaafu, na hakuwa amekaa kwenye kiti kile hata mara moja. Wenzake walidhani ni kiburi. Na kiburi kilikuwamo, hakukana.

Sekela alisema haiumi. Unasikia joto nyuma ya macho, kama mtu aliyelia akamaliza. Ukitoka nje unawaona wanafunzi wako wanaingia getini na kila mmoja anakuvunja moyo kwa uzuri wake. Unataka kumkumbatia hata anayekuja amelewa. Unafundisha mpaka sauti inakauka na huchoki.

"Basi ni jambo jema," Lugembe akasema.

Sekela alichora chora mezani kwa kidole chenye maji.

"Ni jema, Mzee. Nimetoa kauli kumi na nne na zote zimepita. Lakini nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nikiwatazama, siwaoni tena mmoja mmoja. Wote wanang'aa. Mwezi uliopita Maganga aliacha kuelewa kabisa, wiki tatu nzima amepotea, nami nilikuwa namtazama nikisema, huyu anapaa. Mpaka aliponiletea daftari tupu." Akafuta maji mezani kwa kiganja. "Nawapenda wote sawasawa. Nadhani mtu unayempenda sawasawa na wengine wote, humjui."

Lugembe alimwangalia binti yule, hodari, mwenye mwako wa themanini na nane, na akamwona amechoka kuliko yeye. Uchovu wake ulikuwa umefunikwa tu.

Aliwaza jambo lile siku nzima. Hesabu yake ilikuwa nyepesi hata mtoto angeifanya. Akikaa kwenye kiti cha maktaba dakika kumi na mbili, kesho saa nne sindano itapita sitini na Mama Shija atabaki. Asipokaa, atamsemea kwa mwako wa thelathini na moja, na mama atapelekwa kando ya reli. Ana haki gani mzee aliyebakiza miezi saba kutunza moyo wake kama sahani ya wageni, wakati mtu mwingine anapoteza maisha yake yote yaliyobaki?

Baada ya kipindi cha mwisho alimzuia Mama Shija asiende. Alimweleza yote bila kuzunguka, kwa sababu alikuwa mtu mzima na jambo lilikuwa lake. Mama yule alisikiliza amesimama, utepe ukiwa mkononi, hajautundika.

"Kwa hiyo utakwenda kuchajiwa kwa ajili yangu, Mwalimu."

"Nafikiria."

"Halafu utasema nini kesho?"

"Nitasema unakua."

"Na utakuwa umeona, au utakuwa umechajiwa?"

Lugembe akasema kwamba mashine haitajua tofauti.

"Mimi nitajua," akasema Mama Shija. "Usinielewe vibaya, sitaki kwenda kule relini. Dada yangu yuko kule mwaka wa tatu. Nikienda kumwona ananiuliza habari za mvua, nikimjibu anasema vizuri, halafu ananiuliza tena habari za mvua. Naogopa kule kuliko ninavyoogopa kufa. Lakini nimesomeshwa utotoni na mwalimu aliyesema darasa zima ni werevu, nikatoka sijui kusoma saa. Mwalimu, wewe unaona nakua au huoni?"

Alitaka kusema anaona. Alitafuta ndani yake kitu cha kumwonyesha, joto lolote, akakuta pakavu. Akamwambia ukweli, kwamba amechoka mno, hajui tena kama anaona.

Mama Shija aliutundika utepe kwenye kigingi chake kwa uangalifu, akamtakia jioni njema, akaondoka. Njia yake ilikuwa ndefu.

*

Saa kumi na moja jioni, jua bado likiwa juu ya paa la mabati, Lugembe aliingia maktaba. Hapakuwa na vitabu tena ila rafu. Alikaa kwenye kiti kirefu, akapachika kofia kichwani, akaweka daftari lake mapajani ili mkono uwe huru kubonyeza kitufe.

Lilikuwa daftari nene lenye jalada la turubai, la nne katika maisha yake, na ndilo lililomfanya achekwe na walimu wa kila shule aliyopita. Walimu wengine waliandika majibu sahihi ya wanafunzi. Yeye aliandika makosa. Jina, tarehe, kosa lenyewe lilivyo, bila kulirekebisha.

Alijifunza kazi hiyo kabla hajajua kwamba ni kazi. Alikuwa kijana mpagazi kwenye ghala la stesheni, akibeba magunia mchana na kusoma masomo ya jioni pamoja na wapishi na walinzi, na siku moja alipata jibu la ovyo kwenye hesabu ya uzito. Walimu wote aliowahi kuwaona wangepiga mstari mwekundu. Mwalimu wa jioni, mwanamke mfupi aitwaye Bi Chausiku, alivuta kiti akakaa karibu naye, akauliza: umefikaje hapo? Lugembe hakuwa ameulizwa na mtu yeyote, katika miaka yake ishirini na miwili, jinsi alivyofika mahali popote. Alimweleza. Ikachukua nusu saa. Alipotoka mle ndani alikuwa ameshaamua atakuwa nani.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akafungua daftari kwa mkono mwingine, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko kabla ya safari, akatafuta ukurasa wa Kalunde Mihayo.

Muhula wa kwanza. Nusu jumlisha theluthi. Ameandika mbili juu ya tano. Amejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini.

Muhula wa pili. Swali lile lile. Ameandika mbili juu ya sita. Sita imetoka wapi? Ametafuta asili moja, namba ya chini inayofaa sehemu zote mbili, akaipata, akasahau kubadilisha vya juu.

Muhula wa tatu. Kujumlisha sahihi kabisa, tano juu ya sita. Lakini nusu mara theluthi ameandika sita juu ya sita. Amepeleka mbinu ya kujumlisha kwenye kuzidisha: juu tatu mara mbili, chini sita akaiacha ilivyo.

Alama nne, nne, nne, kwa sababu mitihani ilikuwa ikipanda ngazi kila muhula, naye akipanda pamoja nayo hatua kwa hatua. Makosa yake hayakuwahi kuwa yale yale mara mbili. Aliyekoma kukua hurudia kosa lake, hilo Lugembe alilijua kwa miaka arobaini. Huyu kila muhula alikosea mahali papya, mbele ya pale pa zamani. Huenda mambo yalimwingia akiwa njiani au nyumbani, utepe ukiwa kigingini.

Hakusikia joto lolote. Moyo ulikuwa kama jiwe la kusagia. Lakini aliona, kama fundi anavyoona ubao uliopinda hata siku ambayo hapendi mbao. Akafikiria kwamba akibonyeza kitufe, kesho ukurasa huu na daftari tupu la yule Maganga wa Sekela vitang'aa sawa, na hatajua tena kipi ni kipi.

Akavua kofia, akaipangusa kwa leso kama mtu mwenye adabu, akaitundika. Magoti yalimlia alipoinuka. Aliogopa. Alijua amemweka mama wa watu ukingoni kwa ajili ya makosa matatu.

*

Mkaguzi Rwegoshora alifika saa nne kasoro, mtu mnene mwenye sauti ya upole, amebeba kibao cha kazi na kopo la dawa za vidonda vya tumbo. Alimwamkia Lugembe shikamoo, akasalimu na wengine, akaomba maji ya uvuguvugu. Sekela alikaa nyuma kama shahidi. Mama Shija alikaa kwenye benchi la pembeni, utepe sikioni, kwani kanuni ilitaka mwanafunzi awepo na apimwe mpaka jalada lifungwe.

Mkaguzi alieleza utaratibu kwa kukariri. Kauli ni dakika kumi. Sindano ikipita sitini, mwaka mmoja. Isipopita, mwanafunzi atapumzishwa leo hii. Endapo utepe utaonyesha chipuko kabla jalada halijafungwa, shauri linafutwa lenyewe, ingawa, akasema kwa masikitiko ya kweli, katika miaka tisa hajaliona hilo likitokea. Watu hawachipui wakiwa na hofu.

Lugembe akavaa kofia. Sindano ikasimama thelathini na moja.

Alifungua daftari na kuanza kusoma. Hakupamba. Alisoma kosa la kwanza, akaeleza mama alifikaje hapo. Akasoma la pili. Mkaguzi aliitazama sindano, kisha akamtazama yeye, akasogeza kiti.

"Mzee wangu, nisamehe nikukatize. Iko pale pale. Ungesema kidogo jinsi unavyomwona yeye kama mtu. Matumaini yako. Wengine huanza na hayo."

"Sina matumaini leo, bwana Mkaguzi. Nimechoka. Nilichoka mwaka juzi na sijapumzika." Lugembe alisema bila kupandisha sauti. "Lakini hapa hatukukutana kuuliza kama mimi nina furaha. Tumekutana kuuliza kama huyu anakua. Jibu liko kwenye karatasi hizi, na ningekuwa na mwako wa mia au wa sifuri lingekuwa hili hili."

"Mashine haisomi karatasi, Mzee."

"Ndiyo maana nakusomea wewe."

Rwegoshora akameza kidonge na maji yake. Alisema dakika zimebaki nne.

Lugembe akasoma kosa la tatu. Nusu mara theluthi, mwanafunzi ameandika sita juu ya sita. Alieleza kwamba mwanafunzi, baada ya kuhangaika miezi minane kuipata asili moja, alikuwa ameipenda mno mbinu hiyo, akaenda nayo hata pale isipotakiwa, kama mtu aliyenunua koti jipya akalivaa mpaka kuogea.

Kwenye benchi, Mama Shija alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichomponyoka, akajifunika mdomo kwa kanga, akaomba radhi. Halafu akautoa mkono mdomoni.

"Lakini Mwalimu, hapo niliandika upuuzi," akasema. Mkaguzi alitaka kumnyamazisha, akaacha. "Sita juu ya sita si ni kitu kizima? Tuseme nina theluthi ya debe la asali. Nikikumegea nusu yake, nitabakije na debe zima? Ningekuwa tajiri. Ningewagawia mji mzima na debe linajaa tu." Alikuwa hazungumzi na mtu sasa. Alikuwa akitazama mikono yake, akipima hewani. "Debe nimelikata mara tatu. Kila kipande nakikata mara mbili. Vipande sita. Nami ninacho kimoja. Moja juu ya sita. Huhitaji asili moja hapo, kwa sababu huviweki pamoja. Unakata kilichokatwa."

Sekela ndiye aliyeuona kwanza, akasimama. Nyuma ya sikio la Mama Shija, ushanga ulikuwa buluu.

Mizani ikaandika yenyewe kwenye kibao cha Mkaguzi. Rwegoshora alikisogeza karibu na macho, akakiweka mbali, akakisogeza tena. Sindano ya Lugembe ilikuwa thelathini na moja.

"Shauri limefutwa," Mkaguzi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kukariri. Akaongeza kwamba linabaki shauri la mwalimu. Hii ni mara ya pili chini ya sitini, baada ya kipimo cha wiki iliyopita. Kanuni inampa nafasi ya kuhuishwa leo, au akabidhi darasa. Aliomba Mzee akubali kuhuishwa. Miezi saba si kitu.

Lugembe akavua kofia. Alisema anashukuru, atakabidhi.

*

Makabidhiano yalikwisha upesi kuliko alivyotazamia. Alimpa Sekela ufunguo wa kabati, boksi la chaki ambalo hakuna aliyelitumia ila yeye, na mwisho daftari lenye jalada la turubai. Sekela hakutaka kulipokea. Lugembe akamwambia kwamba hamwachii kumbukumbu. Anamwachia macho ya kuazima. "Siku usiyoweza kuwatofautisha, tazama humu. Kama kosa ni lile lile, mwanafunzi amesimama. Kama ni jipya, anatembea. Huhitaji kujisikia vyovyote."

Sekela alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na hakuna aliyeweza kujua kama ni yeye au ni umeme.

Mama Shija alikuwa akimsubiri barazani na karatasi. Alimshukuru kwa kupiga goti kidogo, jinsi wanawake wa kwao wanavyoshukuru wakubwa, kisha, kama asiyejua kwamba huyu si mwalimu wake tena, akamwonyesha hesabu aliyoijaribu asubuhi kabla ya kuondoka nyumbani. Ilikuwa ya kugawanya. Nne juu ya tisa, igawe kwa mbili juu ya tatu. Alikuwa amegawa cha juu kwa cha juu, nne kwa mbili, akapata mbili. Akagawa cha chini kwa cha chini, tisa kwa tatu, akapata tatu. Jibu, mbili juu ya tatu.

Lugembe aliitazama kidogo tu. Jibu lilikuwa sahihi. Njia haikuwa ile. Anayegawanya sehemu hugeuza ya pili juu chini kisha akazidisha, kila mtu anajua.

"Umebahatisha," akamwambia kwa upole. "Njia siyo hiyo. Mwalimu Sekela atakuonyesha."

"Haya, Mwalimu," akasema Mama Shija, akakunja karatasi mara nne na kurudi darasani.

Lugembe akaondoka. Alipita uwanja wa mpira, akapita mashine ya kusaga, akaingia kwenye njia ya vumbi iendayo kwake. Gari la Mkaguzi lilimpita, likapiga honi ya heshima, likaenda zake pamoja na kofia zake zote. Mchana ulikuwa mkali. Alijisikia mtupu kama gunia lililokung'utwa, na hakusikitika, na hakufurahi.

Alikuwa amefika mahali mfereji unapokuwa mwembamba aliposimama. Kitu kilimkera. Mwanafunzi mwingine aliwahi kufanya hivyo hivyo. Nkwabi, kijana wa Kaliua, miaka thelathini iliyopita, daftari la kwanza. Aligawa vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, mara saba, na mara saba jibu lilikuwa sahihi, na mara saba Lugembe aliandika amebahatisha. Kisha Nkwabi akaacha kunyoosha mkono. Kisha akaacha kuja.

Mtu anabahatishaje mara saba?

Akaokota kijiti. Alichuchumaa kwa shida, magoti yakilalamika, akaandika vumbini. Nane juu ya kumi na tano, gawa kwa mbili juu ya tano. Kwa njia yake, nne juu ya tatu. Kwa njia ya Mama Shija, nane kwa mbili ni nne, kumi na tano kwa tano ni tatu. Nne juu ya tatu. Akafuta kwa kiganja. Akachagua inayokataa kugawika, ili amnase. Nusu, gawa kwa theluthi. Kwa njia yake, moja na nusu. Kwa njia ya yule mama, moja kwa moja ni moja, na mbili kwa tatu haigawiki vizuri, inabaki theluthi mbili. Moja gawa kwa theluthi mbili. Akahesabu kwa vidole. Moja na nusu.

Akabaki amechuchumaa. Mtu wa baiskeli alimuuliza kama ni mgonjwa, hakumsikia.

Haikuwa bahati. Ilikuwa njia. Ilikuwepo wakati wote, na kwa miaka arobaini alikuwa akiiandika kwenye daftari la makosa, yeye aliyejivunia kwamba anauliza. Kwa Nkwabi hakuuliza. Kwa Mama Shija, nusu saa iliyopita, hakuuliza. Jibu sahihi hakuwahi kulivutia kiti.

Alisimama. Kiuno kilimuuma, jua lilimuuma, na jina la Nkwabi lilimuuma kuliko vyote viwili, na hilo halingepona. Lakini kwa nini inakubali? Kwa nini igawike hivyo, juu na chini, kila moja kivyake, na isivunjike? Hakujua. Hakuwa na fununu. Akagundua kwamba miguu yake tayari imegeuka na inarudi shuleni, upesi, kamba moja ya kiatu ikiburuzika vumbini.

Vigingi vya mlangoni vilikuwa vitupu, darasa lilikuwa limejaa. Sekela aliacha kuandika ubaoni alipomwona mlangoni, jasho likimtiririka, mtu aliyekabidhi ufunguo saa moja iliyopita. Lugembe akamwomba ruhusa kwa mkono, kama wanafunzi wanavyoomba. Akapita katikati ya madawati mpaka kwa Mama Shija, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Ile karatasi," akasema, pumzi zikimkata. "Ikunjue. Umefikaje hapo?"